Je, sumaku inaweza kutoa sumu ya betri kwenye maji?

Sisi ni wahudumu wa afya wa kujitolea. Tukipita nyumba kwa nyumba tumeulizwa swali hili katika bloki zaidi ya moja: je, ni kweli kwamba ukitia sumaku ndani ya jerikeni, maji husafishika na sumu ya betri? Wengine wametuonyesha sumaku zenyewe, zile nyeusi za mviringo zinazotoka nyuma ya spika ya redio mbovu. Mama mmoja alikuwa ameinunua kwa pesa ya mboga ya siku mbili.

Jibu fupi ni hapana. Sumaku peke yake haitoi sumu hiyo. Lakini habari hii haikuzuka bure. Kweli duniani kuna wataalamu wanaosafisha maji machafu kwa kutumia sumaku, na wanatoa humo madini mazito kama risasi, zebaki na arseniki. Ndiyo maana tumeona tusiseme "hapana" tu tukaondoka. Soma uelewe wanavyofanya, kisha utajua kwa nini sumaku ya spika haiwezi, na ufanye nini badala yake.

Kwanza tuelewane juu ya neno risasi. Hapa hatusemi risasi ya bunduki, ingawa hata hiyo hutengenezwa kwa madini haya haya. Tunasema yale madini mazito, laini, ya rangi ya kijivu, ambayo sisi watu wa visiwani tunayajua kwa machubwi ya mshipi na ya nyavu. Mimi nimezaliwa kambini, lakini wazee wangu ni wa Chula, na nyumbani kwetu hadithi za bahari haziishi. Babu anaeleza jinsi walivyoyeyusha risasi juu ya makaa, wakaimimina katika shimo la mchanga, ikapoa, likawa chubwi. Chubwi dogo lenye ufa hubanwa kwenye mshipi kwa meno. Kutoka Koyama hadi Chovai na Chula, na Kismayo pia, ni vijana wangapi wamelibana hivyo? Na risasi hiyo mara nyingi hutoka wapi? Hutoka ndani ya betri ya gari.

Betri ya gari, na ile kubwa ya sola inayofanana nayo, zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Ndani yake mna vibao vya risasi, mna uji mgumu wa unga wa risasi, na mna maji makali ambayo ni asidi. Betri ikifa, mtu huivunja kwa nyundo, humwaga yale maji makali, huosha vibao, kisha huviyeyusha. Risasi huyeyuka kwa joto la nyuzi 327 tu, jiko la makaa linatosha. Kila hatua hapo inaacha sumu. Moshi wake unavutwa puani. Unga wake unabaki kwenye mchanga na kwenye nguo. Maji yaliyooshea vibao yanakwenda mtaroni, na mvua ikinyesha yanatembea mpaka penye watoto.

Kwa nini tunasema sana juu ya watoto? Kwa sababu mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima, na ubongo wake bado unajengwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto aliyeingiwa na risasi kidogo kidogo anaweza asionekane mgonjwa. Anachelewa kusema, anakuwa mzito wa kujifunza, anakasirika ovyo, anapungukiwa damu, tumbo linamuuma na choo kinakuwa kigumu. Ikizidi sana hupata degedege, hupoteza fahamu na anaweza kufa. Kwa mama, risasi hukaa mifupani miaka mingi, na akipata mimba hutoka mifupani ikaingia katika damu na kumfikia mtoto tumboni.

Haya yametokea kwa watu kama sisi. Huko Senegal, nje kidogo ya mji wa Dakar, kuna mtaa wa wavuvi unaoitwa Thiaroye-sur-Mer. Mafundi wa huko walikuwa wakivunja betri za magari na kuyeyusha risasi ili watengeneze machubwi ya nyavu, kazi ile ile ya babu yangu. Baadaye wafanyabiashara walianza kununua risasi iliyobaki mchangani, na akina mama wakawa wanachekecha mchanga huo majumbani mwao ili wapate chochote. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, watoto 18 walikufa. Mwanzoni hakuna aliyejua ni kitu gani. Walikuwa watoto wa watu waliokuwa wakitafuta riziki.

Na karibu na kwetu zaidi kuna Owino Uhuru, mtaa wa watu kama 3,000 katika eneo la Jomvu, Mombasa. Wazee waliokimbia vita mwaka 1991 wanaikumbuka Jomvu, maana Wabajuni wengi waliwekwa kambini huko kabla kambi za Pwani hazijafungwa katika miaka ya 1990. Miaka kadhaa baadaye, mwaka 2007, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifunguliwa ubavuni mwa mtaa huo. Moshi uliingia majumbani, na maji machafu ya kiwanda yalipita katikati ya mtaa, penye watu wanaofua na watoto wanaocheza. Mama mmoja aliyeajiriwa hapo mwaka 2009, Phyllis Omido, aliona mwanawe mchanga anaumwa, akapimwa, akakutwa na risasi katika damu. Aliacha kazi akaanza kupigania mtaa mzima. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, naye mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi ilikatiwa rufaa, uamuzi ukatenguliwa, mpaka Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha fidia ile ile. Hesabu mwenyewe miaka hiyo. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kikifunguliwa alikuwa na miaka 17.

Sasa turudi kwenye sumaku.

Sumaku inavuta nini?

Fanya jaribio hili. Chukua sumaku yako uiguse kwenye msumari. Msumari unanasa. Iguse kwenye sufuria ya alumini. Hainasi. Iguse kwenye waya wa shaba, hainasi. Ukiwa na chubwi la zamani, liguse (kisha unawe mikono kwa sabuni). Halinasi pia. Sumaku huvuta chuma na madini mengine machache sana. Risasi haimo, zebaki haimo, arseniki haimo. Ikiwa chubwi zima, kitu unachokishika mkononi, halivutwi na sumaku, basi risasi iliyoyeyuka katika maji, isiyoonekana kwa jicho, itavutwaje? Sumaku yako itakaa ndani ya jerikeni mwaka mzima, na risasi itabaki pale pale ilipo.

Basi wataalamu wanafanyaje? Wanatumia kutu.

Ndiyo, kutu hii hii ya chuma. Kutu ina tabia ya kushikwa na sumu. Risasi na arseniki zikipita karibu nayo katika maji, zinang'ang'ania juu yake. Kuna kutu nyekundu tunayoiona kwenye mabati, na hii sumaku inaivuta kwa udhaifu tu. Lakini kuna aina nyingine nyeusi, na hiyo inavutwa sana. Umeshaiona bila kujua. Ukiburura sumaku kwenye mchanga mkavu wa laga, mara nyingi inatoka imejaa ndevu nyeusi. Zile punje nyeusi nyingi ni za jamii hiyo.

Kwa hiyo kazi inafanywa na vitu viwili. Mvuvi ataelewa upesi: kutu ni chambo, sumaku ni mshipi. Sumu inakuja kwenye chambo inanasa, halafu mshipi unavuta vyote viwili nje ya maji. Ukitupa mshipi bila chambo utakaa mpaka jua lizame. Ndivyo alivyouziwa yule mama: mshipi mtupu.

Jambo la pili ni ukubwa wa punje. Mama anayepika anajua kwamba kipande kizima cha nazi ukikikamua hupati tui. Lazima ukikune. Nazi ni ile ile, lakini ikikunwa sehemu za kugusana na maji zinakuwa nyingi. Kutu nayo ni hivyo. Mwaka 2006 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Rice huko Marekani, akiwemo mama mmoja anayeitwa Vicki Colvin, walitangaza kwamba wametengeneza punje za kutu nyeusi ndogo kupita kiasi. Unene wa unywele mmoja wa kichwa ni mara maelfu ya punje hiyo. Walizitia katika maji yenye arseniki, arseniki ikanasa, wakazivuta kwa sumaku. Kilichowashangaza wenzao ni kwamba sumaku ndogo ya mkononi ilitosha. Kabla ya hapo walidhani punje ndogo hivyo zingehitaji sumaku kubwa na umeme mwingi. Waliifanya kazi hiyo wakiifikiria nchi kama Bangladesh, ambako watu walichimbiwa visima vya bomba ili waepuke vijidudu vya maji ya madimbwi, na baadaye ikaonekana kwamba mamilioni ya watu wanakunywa arseniki iliyoko chini ya ardhi.

Kuna mtu mwingine, mzaliwa wa Bangladesh, ninayemsifu zaidi, niseme ukweli. Jina lake Abul Hussam. Yeye hakutumia sumaku. Alitengeneza kichujio cha ndoo chenye tabaka za mchanga, makaa, vipande vya matofali na chuma kilichosagika, na kile chuma kinachoota kutu ndicho kinachoshika arseniki. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya dola milioni moja kwa kichujio hicho. Unaona kwamba hata hapa mfanyakazi mkuu ni kutu.

Na Wajapani walitangulia. Nchi yao ilikuwa imeumizwa vibaya na zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda huko Minamata, ambako wagonjwa wa kwanza walitambuliwa rasmi mwaka 1956. Hao nao walikuwa watu wa pwani na walaji samaki. Katika miaka ya 1970 Wajapani walibuni njia ya kusafisha maji machafu ya viwanda na ya maabara. Wanatia chumvi ya chuma katika maji machafu, wanatia magadi makali, wanapasha moto na kupuliza hewa. Chuma kinageuka kuwa kutu nyeusi humo humo ndani ya maji, na kikigeuka kinazifungia risasi, zebaki na kadimiamu ndani ya punje zake. Halafu sumaku inakusanya zile punje.

Kwa nini tusifanye hapa?

Kijana mmoja wa shule ya sekondari ameniuliza hivi, na ni swali zuri. Kutu ipo, sumaku ipo, kwa nini tusijaribu?

Sababu ya kwanza ni kipimo. Risasi haina rangi, haina harufu, haina ladha ya kukuonya. Kikomo kinachotumiwa kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 katika lita moja. Gramu moja ina mikrogramu milioni moja, kwa hiyo gramu moja tu ya risasi iliyoyeyuka inatosha kufikisha kikomo hicho katika lita 100,000 za maji, yaani jerikeni 5,000. Bila maabara hutajua kama chambo chako kimenasa au la. Utakunywa kwa kuamini tu.

Ya pili, maji hayafanani. Yakiwa na asidi, kama yale ya betri, kutu inaachilia sumu iliyoishika. Kutu ikishajaa nayo haishiki tena, kama ndoano ambayo tayari ina samaki.

Ya tatu ndiyo kubwa, na wauzaji wa sumaku hawaisemi. Sumu haiishi. Imetoka kwenye maji imehamia kwenye kutu. Sasa una tope jeusi lenye risasi nyingi kuliko yale maji. Utalipeleka wapi? Kiwanda kina mahali pa kulifungia. Wewe una ua, na ua una watoto na kuku.

Na vipi kuhusu kuchemsha, au dawa ya maji?

Hapa msinielewe vibaya. Endeleeni kuchemsha, na endeleeni kutia dawa ya klorini kama mlivyofundishwa. Hivyo vinaua vijidudu vya kipindupindu na kuhara, na kuhara kunaua watoto wengi. Lakini risasi haina uhai, haifi. Ukichemsha, maji yanapungua kwa mvuke na risasi inabaki yote, kwa hiyo yale yaliyobaki yana sumu kali zaidi. Kuchuja kwa kitambaa hakusaidii risasi iliyoyeyuka.

Kwetu sisi, risasi inaweza kumfikia mtoto bila kupita kwenye bomba. Iangalieni sana katika mchanga wa mahali betri ilipovunjwa, katika nguo za aliyeivunja, katika dimbwi la maji yaliyoosha vibao, na katika jerikeni. Jerikeni nataka nilisemee kidogo. Kuna jerikeni zilizobeba maji ya betri, baadaye zinasuuzwa na kuuzwa sokoni kwa bei rahisi. Plastiki hiyo haisafishiki kwa kusuuza. Usiitumie kwa maji ya kunywa, wala kwa maziwa, wala kwa mafuta. Ukinunua jerikeni la zamani, muulize muuzaji lilibeba nini, na akisitasita liache.

Ndugu zetu waliotoka Kongo mnaijua zebaki ya kwenye machimbo ya dhahabu. Mambo ni yale yale. Sufuria iliyochomewa dhahabu na zebaki isirudi jikoni kamwe.

Kwa vijana wanaovunja betri za sola zilizokufa: najua hali. Mgao hautoshi na risasi inauzika. Lakini usiivunje, iuze ikiwa nzima. Betri nzima haitawanyi unga wala moshi wa risasi. Usiiweke ndani unamolala wala karibu na jiko. Kama ulishafanya kazi hiyo, usiingie nyumbani na nguo zile wala viatu vile, na usimbebe mtoto kabla hujaoga. Nguo hizo zifuliwe mbali na za watoto, katika beseni lake. Usiwafagilie watoto vumbi kavu, nyunyiza maji kwanza ndipo ufagie. Maji makali yakikurukia machoni au mwilini, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha njoo kliniki.

Mama, mnawishe mtoto mikono kabla ya kula, hasa anayetambaa na kula mchanga. Mtoto mwenye njaa hufyonza risasi zaidi kuliko aliyeshiba, kwa hiyo asiende kucheza na tumbo tupu kama unaweza. Vyakula vyenye madini ya chuma na kalsiamu vinasaidia kupunguza risasi inayoingia mwilini: kunde, maharagwe, mboga za majani, maziwa, dagaa. Na kuhusu wanja: baadhi ya wanja wa manga ni jiwe la risasi lililosagwa. Najua mashangazi hawatapenda, lakini msimtie mtoto mchanga machoni.

Ukishuku kwamba mtoto wako amekaa karibu na mahali pa betri, usingoje aumwe. Mlete. Hatuwezi kumjua kwa kumtazama, ni damu yake inayopimwa. Kipimo kikifika mikrogramu 5 katika desilita moja ya damu, lazima chanzo kitafutwe na kiondolewe. Ikiwa juu sana, kuanzia 45, kuna dawa maalumu inayotolewa hospitali, siyo ya dukani wala ya mitishamba. Lakini hata dawa hiyo haifai kitu mtoto akirudishwa kwenye mchanga ule ule. Tuambie mahali penyewe palipo, hatuji kumkamata mtu. Tunataka pazibwe, watoto wasipite.

Wavuvi mnaorudi Kismayo na visiwani, au mnaovua Ziwa Turkana: chubwi la zamani halina haraka ya kukuua likikaa mwisho wa mshipi. Usilibane kwa meno, usiliweke mfuko mmoja na tambuu au chakula, usimpe mtoto alichezee. Jipya lisiyeyushwe nyumbani. Jiwe lililotobolewa linazama, na saruji iliyomiminwa katika kikopo inazama vilevile.